Kujifunza kusali kutoka kwa majirani: mwongozo kamili wa kuchota kwenye dini nyingi bila kuacha ya kwako

Huu mwongozo ni wa mtu anayesali, au alikuwa anasali akaacha, ambaye kila siku anaona majirani wanafanya mambo yanayomgusa moyo ila hajui afanye nini na hicho alichokiona. Wewe ni Mlutheri, adhana ya alfajiri inakuamsha, unalala pale unawaza kwamba kuna watu saa hii wameshamkumbuka Mungu kabla hawajaikumbuka simu. Au ni Mwislamu, umekaa kwenye msiba wa jirani Mkatoliki, akina mama wanasali rozari ile sauti inapanda inashuka, na umeondoka na utulivu ambao hukuja nao. Wengi wetu hapo tunafanya moja kati ya mawili, ama tunaogopa tunakaa mbali, ama tunaanza kukusanya kila kitu kwa pamoja, ubani, mishumaa, nukuu za mshairi Rumi kwenye status, video za yoga, na baada ya mwezi hakuna hata kimoja kilichobaki.

Ninachokielekeza hapa ni tofauti kidogo. Unabaki pale ulipo, unaenda kwa jirani kama mwanafunzi, unarudi na TENDO moja tu, alafu unalifanya mpaka mwili wenyewe ulizoee. Nukuu hazimbadilishi mtu, kinachombadilisha ni kitu anachokifanya kila siku saa ile ile. Mimi ni Mkatoliki, upande wa mama ni Waislamu wa Tanga, kwahiyo Idi na Krismasi zote zilikuwa zetu toka utotoni na haya mambo nayaongea kama mambo ya nyumbani.

KWANZA TUONGEE KUHUSU HOFU YA KUPOTEA

Najua kuna mtu atasema hii ni kuchanganya dini. Hofu hiyo naiheshimu, na ndo maana hatua ya kwanza huko chini ni mipaka. Ila angalia kidogo jinsi dini zetu zenyewe zilivyoishi. Kwenye Luka sura ya 7 Yesu anamsifia akida wa Kirumi, mtu wa nje kabisa, kwamba hata katika Israeli hajaona imani kubwa namna ile. Kwenye hadithi za Mtume Muhammad tunasimuliwa kwamba alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wanafunga siku ya Ashura kwa kumshukuru Mungu aliyemwokoa Musa, naye akaifunga na akaamrisha watu wafunge, na mpaka leo Waislamu wengi wanafunga siku hiyo. Kwenye Qurani, aya ya 13 ya Suratul Hujurat inasema watu wamejaaliwa mataifa na makabila ili wajuane.

Kuna mtu mmoja napenda sana kumtaja hapa, Charles de Foucauld. Alikuwa mwanajeshi Mfaransa, imani ilishamtoka toka ujanani, anaishi maisha ya starehe tu. Mwaka 1883 akasafiri Morocco kwa siri, amejigeuza kama rabi, na huko akaona Waislamu wanavyosali, watu wanaoishi kama Mungu yupo pale pale mbele yao, na ile kitu ikamtikisa vibaya mno. Hakuwa Mwislamu. Mwaka 1886 alirudi kanisani kwake, akaja kuwa padre, akaenda kuishi na Watuareg kule Tamanrasset jangwani Algeria mpaka alipouawa 1916, na Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu mwaka 2022. Yaani sala za Waislamu zilimrudisha Mkristo kwenye Ukristo wake.

HATUA YA 1: ANDIKA UMESIMAMA WAPI

Chukua daftari, la karatasi kabisa, simu iweke pembeni. Andika mambo matatu. Moja, unaamini nini kuhusu Mungu, kwa maneno yako na sio ya katekisimu wala ya madrasa. Mbili, unasali nini na lini kwa sasa hivi, useme ukweli, kama ni Jumapili tu andika Jumapili tu. Tatu, mambo ambayo huwezi kuyafanya hata iweje.

Hiyo ya tatu ndo watu wanairuka na ndo inayokuja kuwasumbua mbele ya watu. Mwislamu aandike kabisa kwamba hatasujudu wala kuinama mbele ya sanamu, na atasemaje akipewa kitu kilichotolewa sadaka hekaluni. Mkristo aandike kwamba hatatamka shahada kwa kujaribu tu, maana yale maneno ndo mlango wenyewe wa Uislamu, ukiyatamka kwa mchezo unamkosea anayeyaamini. Asiye Mkatoliki ajue kwamba kwenye misa atakaa vizuri, atasimama wenzake wakisimama, ila Komunyo hatapokea. Ukiwa umeshaandika mipaka yako nyumbani, ukifika kule huhangaiki, unasema kwa upole "samahani, hili kwetu siwezi, ila naomba nikae niangalie" na karibu kila mahali watakuelewa, kwa sababu watu wa dini wanamheshimu mtu mwenye dini.

Kama huna dini kwa sasa andika hivyo hivyo unachokishikilia, mfano "sitasema uongo kwenye sala". Ni mahali pa kusimama pia.

HATUA YA 2: JIULIZE UNAKOSA NINI

Usianze na swali la dini gani inavutia. Anza na njaa yako. Kuna mtu anasali sana ila hajui kukaa kimya hata dakika mbili, huyo akajifunze kwa Wabudha au kwa wamonaki. Kuna mtu ana imani ila siku yake haina mpangilio, Mungu anapata muda uliobaki, basi aende kwa Waislamu aone maisha yanavyopangwa kuzunguka swala tano, hadi ahadi za watu zinakuwa "tuonane baada ya alasiri". Mwingine amechoka, anafanya kazi siku saba, huyo akae na Wasabato. Mwingine ana vinyongo vya miaka, akasikie Wajaini, watu wa dini moja ya zamani ya India, wanavyoombana radhi. Kuna mtu sala zake zote ni "nipe", huyo nampeleka jikoni kwa Wasikh, wanakolisha kila mgeni bure. Na kuna mtu ameishi mjini mpaka ardhi na waliomtangulia hawamwambii chochote tena, huyo aende kwa wazee wa kwao.

Chagua njaa moja. Ukichagua tatu hutashiba hata moja.

HATUA YA 3: TAFUTA MTU KABLA YA KITABU

Intaneti itakupa maelezo ya dini yoyote kwa dakika tano na utabaki vile vile. Tafuta mtu anayeiishi. Mara nyingi unaye tayari, ni mpangaji mwenzio, ni mama wa dukani, ni fundi, ni mliyesoma naye.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa sana. Usimuulize "kwa nini nyie mnaamini hivi", hapo umeshamweka kizimbani na atajibu kwa kujitetea. Muulize anafanya nini. "Dada Mwanaidi, hivi ukiamka kabla ya alfajiri unaanza na nini?" "Baba Paroko, pale mnapokaa kimya baada ya Komunyo, wewe unakuwa unafanya nini ndani?" "Mzee, zamani mkienda kuomba mvua mlikuwa mnaanzaje?" Mtu akiulizwa hivyo anafunguka, tena utasikia mambo ambayo hata watoto wake hawajawahi kumuuliza. Shehe muite shehe, padre muite padre, mzee muite mzee, shikamoo yako itoe, na ukienda kwa mzee wa mila usiende mikono mitupu, uliza mapema kwao mgeni anabeba nini.

Alafu mwambie ukweli mapema kwamba hujaja kubadili dini. Wapo watakaotumaini utabadili, hiyo ni upendo wao tu usiuchukulie vibaya, ila wasije wakajisikia umewachezea.

HATUA YA 4: NENDA KAMA MGENI

Ukishamzoea mtu omba akupeleke. Peke yako unaweza kwenda ila ukiwa na mwenyeji unajua ukae wapi.

Msikitini unavua viatu, unavaa nguo za heshima, mwanamke anafunika kichwa, na sehemu za wanawake huwa tofauti, kwahiyo ulizia kwanza. Sio kila msikiti utampokea asiye Mwislamu ndani, na wakikwambia ukae barazani kaa barazani. Jamatkhana, yaani nyumba za ibada za Waismailia wafuasi wa Aga Khan, wakati wa sala ni kwa ajili yao wenyewe, hapo usiombe kuingia. Ukitaka kuonja upande wa dhikri na kaswida, majira ya Maulidi ndo mlango mwepesi kuliko yote. Lamu Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Saleh, inavuta watu kutoka pwani nzima. Bagamoyo nako kuna urithi wa Qadiriyya, moja ya tarika (njia za Kisufi), wa Sheikh Ramiya, aliyeletwa mtoto mtumwa kutoka Manyema kule Kongo akaja kuwa sheikh mkubwa wa tarika mpaka alipofariki 1931, na mimi kila nikiifikiria hiyo safari ya maisha yake naona ni mahubiri tosha.

Kwa Wasikh, wale watu wanaowaita Masingasinga, hekalu la Makindu kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa ndo pa kuanzia. Lilijengwa na Wasikh waliokuwa wanafanya kazi reli, na mpaka leo msafiri wa dini yoyote anakula bure. Unafunika kichwa, unavua viatu, hubebi sigara wala pombe, ukikaa chini miguu usiielekeze kilipo kitabu chao kitakatifu. Chakula hakina nyama. Chukua unachoweza kukimaliza, alafu baada ya kula uliza kama unaweza kuosha vyombo. Naomba hilo la vyombo usiliruke, maana ndo somo lenyewe.

Mombasa mtaa wa Langoni kuna hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, na Dar es Salaam pale Upanga kuna hekalu la Wabudha lenye asili ya Wasinhala wa Sri Lanka waliokuja zamani za ukoloni. Sehemu zote mbili ni utulivu, nguo ya heshima, viatu nje, picha mpaka uruhusiwe.

Kampala kwenye kilima cha Kikaya kuna hekalu la Wabahai, watu wa dini iliyoanzia Uajemi, lililofunguliwa 1961, lina pande tisa, na kwenye ibada zao hakuna mahubiri, yanasomwa tu maandiko ya dini mbalimbali na kuimbwa kwa sauti bila ala. Kwa mtu anayetaka kusikia maandiko mengi sehemu moja bila mtu kumfafanulia, sijui pengine pazuri zaidi ukanda wetu huu.

Na usisahau misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kaya Kinondo kule Kwale inapokea wageni, unafungwa kitambaa cheusi, unatembea na mwenyeji, hukati tawi na hubebi kitu kutoka msituni. Kaya nyingine hazitaki wageni kabisa na hilo tuliheshimu. Ukiwa ndani ya msitu ambao watu wameukataza shoka kwa mamia ya miaka kwa ajili ya imani, utaelewa kwa nini nasema ibada inaonekana kwenye tendo.

HATUA YA 5: CHUKUA TENDO MOJA, SIKU AROBAINI

Arobaini tunaijua wote, Kwaresima ni arobaini, msibani tunahesabu arobaini, mama mzazi anatoka arobaini. Ni muda ambao raha ya mwanzo inaisha, uvivu unakuja, na ukipita hapo ndo tendo linakuwa lako. Ndani ya hizo siku usiongeze tendo lingine hata ukiona zuri, liandike kwenye daftari lisubiri.

Nitaeleza matendo manne. La kwanza nitalikalia sana, maana ndo ninalompa karibu kila anayeniuliza aanzie wapi.

Hesabu ya usiku. Imam Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alifundisha muhasaba, yaani kuihesabia nafsi, akitumia mfano wa mfanyabiashara na mshirika wake: asubuhi mnapatana masharti, mchana unamwangalia asikuibie, jioni mnakaa mnapiga hesabu, faida ngapi hasara ngapi. Huyo mshirika ni nafsi yako. Sasa miaka kama mia nne baadaye Mhispania Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, akawapa wafuasi wake zoezi linalofanana ajabu, ila yeye anaanza na shukrani. Ukiyaweka pamoja unapata kitu ambacho Mwislamu na Mkristo wote wanaweza kukifanya bila kutoka nje ya mipaka yao. Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, sema sharti moja tu la leo, dogo, linalopimika, kwa mfano "leo sitamjibu bosi kwa hasira" au "leo sitamsengenya wifi". Mchana ukilikumbuka inatosha. Usiku zima taa, kaa usilale, alafu: mshukuru Mungu kwa mambo ya leo kwa majina yake (chai ya fulani, mvua kukatika mapema, mtoto kupona homa), sio "asante kwa yote" maana "yote" haina sura. Omba uone siku yako kama Yeye anavyoiona. Pitia siku kuanzia asubuhi saa kwa saa, ukifika mahali moyo unapobana simama hapo, usikimbie, uliza kilitokea nini. Lile sharti limekaaje? Omba msamaha kwa kitu kimoja kile kilichobana zaidi. Malizia na kesho. Dakika kumi na tano zinatosha kabisa na ukivuka hapo utaanza kujihukumu, jambo ambalo sio lengo. Wiki ya kwanza utasinzia. Wiki ya pili utachoka kwa kuona kosa ni lile lile kila siku, na hapo ndo pazuri, maana umeshalijua jina lake.

Kuwatakia mema. Hili ni la Wabudha, wanaliita metta. Unakaa wima, unaangalia pumzi inavyoingia na kutoka kwa dakika chache, alafu unatamka moyoni maneno machache ya kutakia heri: niwe salama, niwe na amani, nipone, niishi kwa utulivu. Unaanza na wewe mwenyewe. Alafu mtu aliyekufadhili, alafu rafiki, alafu mtu usiyemjali kabisa, alafu mtu mgumu, mwisho viumbe wote. Kwangu nguvu ya zoezi ipo kwa yule mtu usiyemjali. Konda wa daladala, kijana wa vocha, mlinzi wa benki, mtu unayemuona kila siku na hujawahi kumuwazia lolote. Mtakie mema kila asubuhi kwa wiki nzima alafu uone kama utaweza kupita tena bila kumsalimia. Mtu mgumu usimkimbilie, na aliyekufanyia ukatili mkubwa usimuweke kabisa mpaka uwe na mtu wa kukusindikiza kwenye hilo, padre, shehe, mshauri nasaha. Kama kwako sala lazima imtaje Mungu, geuza tu: "Mungu mjalie amani." Mbudha hatakukatalia.

Siku ya kuacha. Mayahudi wanaanza Sabato Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku nyota zikionekana, na Afrika Mashariki tunao Wayahudi wetu, Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanzia kwa Mganda mmoja, kiongozi wa kijeshi Semei Kakungulu, mwaka 1919 na ikaendelea kusali kwa siri Idi Amin alipopiga marufuku dini yao. Ila hata huhitaji kwenda Mbale. Wasabato wapo Upareni toka 1903, wapo Mara, wapo Kisii, na wao watakufundisha kitu ambacho vitabu havisemi vizuri, kwamba Sabato inatengenezwa Ijumaa. Nguo zinafuliwa, kuni au mkaa unatafutwa, chakula kinapikwa, madeni madogo yanalipwa, ili jua likizama pasiwe na la kukimbizana nalo. Wewe chagua masaa yako, hata kama ni Jumapili mchana mpaka Jumatatu asubuhi, ila yaandalie siku moja kabla. Bila maandalizi unajikuta umekaa tu una wasiwasi na kazi zako. Simu zima. Hakuna kununua, hakuna kuuza, hata vocha. Kula na watu. Na angalia mzigo wa kupumzika kwako usimwangukie dada wa kazi, naye apumzike.

Kuomba radhi kwa jina. Wajaini kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, wana siku za toba zinazoishia kwa kila mtu kuwaendea wenzake, mkubwa kwa mdogo, bosi kwa mfanyakazi, na kuomba radhi kwa alilolikosea akijua au bila kujua. Waislamu wetu wana desturi ya kutakana radhi pia, kabla ya Hija hasa, kwahiyo sio jambo geni pwani. Kufanya kwa siku arobaini ni hivi: andika majina ya watu kumi, kila baada ya siku nne mwendee mmoja au mpigie, usitume meseji ya kufowadi. Sema ulichokosa, usiseme "kama nilikukosea". Usieleze sababu. Asipokusamehe, mshukuru kwa kukusikiliza uondoke.

KUHUSU KUFUNGA, NAOMBA USOME HAPA TARATIBU

Watu wengi wanataka tendo lao liwe kufunga, maana dini nyingi zina funga zake. Vizuri, ila funga ya kila dini ina uzio wake, Ramadhani ina daku na futari na inaruhusu mgonjwa, msafiri, mjamzito kutofunga. Ukiichukua funga ya watu ukaacha uzio wake umechukua hatari tupu. Tumeona msitu wa Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, watu zaidi ya 400 wamezikwa mle baada ya kufundishwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kwahiyo: hakuna funga ya kukosa maji siku nyingi, hakuna kumfungisha mtoto mdogo, mwenye sukari au vidonda vya tumbo aongee na daktari kwanza, na mwalimu yeyote anayekukataza hospitali, anayetaka usiri, anayekutenga na ndugu zako, au anayekuuzia mafuta na maji ya baraka, huyo mwache siku hiyo hiyo.

HATUA YA 6: SASA SOMA

Baada ya tendo kukaa ndo ufungue kitabu, na utashangaa maneno yanavyoingia tofauti. Soma kidogo kidogo. Wamonaki wa Kikristo wana njia ya zamani ambayo hapa kwetu bado inaishi kwenye abasia kama Peramiho na Ndanda: unasoma mistari michache kwa sauti, unarudia neno lililokugusa, unaligeuza kuwa sala, alafu unanyamaza. Njia hiyo unaweza kuitumia kwenye maandiko yoyote, mradi usome sura nzima walau mara moja ujue mstari umetoka wapi, na usome pamoja na maelezo ya watu wenyewe. Qurani soma kwenye tafsiri yenye maelezo kama ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy.

Na jihadhari na nukuu za kwenye magrupu. Maneno mengi yanayopachikwa jina la Rumi au Budha au Gandhi hayakusemwa nao. Rumi mwenyewe alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, mwalimu wa sheria kule Konya, aliyefariki 1273, aliyeswali na kufunga, na mashairi yake yametoka humo. Ukimpenda Rumi alafu ukaukwepa Uislamu wake, unayempenda sio yeye.

HATUA YA 7: TOFAUTI ZIACHE ZIBAKI

Hapa kuna watu wazuri sana ambao sikubaliani nao. Ramakrishna, mtu wa ibada wa Kihindu kutoka Bengal, India, aliyefariki 1886, alifuata kwa muda ibada za Kiislamu na kujitosa kwenye kumtafakari Kristo, akasema njia zote zinafika sehemu moja. Wabahai nao wanafundisha kwamba dini kubwa zinatoka kwa Mungu mmoja. Mimi nawaheshimu, ila sijaona kama lazima tuanzie hapo. Mkristo anasema Mungu ni Utatu, Mwislamu anasema hana mshirika, Mbudha hamzungumzii kabisa Mungu muumba kwenye zoezi lake. Hizo sio tofauti za rangi ya nguo. Ukizifuta ili mpatane, jirani yako unakuwa umemwambia kwamba kitu alichokifia babu yake hakina maana.

Gandhi alibaki Mhindu, na kwenye maombi yake ya kila siku Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, ilisomwa, Qurani ikasomwa, nyimbo za Kikristo zikaimbwa, na zile vurugu za 1947 watu walipopinga Qurani isisomwe hakukubali kuiondoa. Thomas Merton, mmonaki wa Kentucky, alijifunza Zen, tawi moja la Ubudha, miaka mingi, akaenda India kukutana na Dalai Lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, 1968, na mwezi Desemba mwaka huo akafa Thailand akiwa bado mmonaki. Hata Papa Yohane Paulo II alipowaita viongozi wa dini Assisi mwaka 1986, kila dini ilisali sala yake. Walikuja pamoja ili kusali, hawakutunga sala moja ya wote.

Kwahiyo ukikutana na jambo linalogongana na imani yako usilibane mpaka liingie. Liandike kwenye daftari, ukurasa wake, uliache hapo. Mimi nina ukurasa kama huo na unazidi kurefuka, na sala yangu haijapungua kwa sababu yake.

HATUA YA 8: NYUMBANI NA KWA VIONGOZI WAKO

Mwambie mwenzi wako kabla hujaanza, akikuona umekaa gizani usiku unanong'ona peke yako atawaza mengine. Wazazi waeleze kwa tendo, "mama kila usiku napitia siku yangu na Mungu", hakuna mama atakayelikataa hilo. Kiongozi wako wa dini mwambie pia, na ukiona huwezi kumwambia kitu unachokifanya jiulize kwa nini, maana kuna wakati tatizo ni ukali wake na kuna wakati ni wewe umeshavuka ule mstari uliouandika mwenyewe hatua ya kwanza.

Watoto wafundishwe dini ya nyumbani kwanza, vizuri, mpaka waijue. Ila waende Idi kwa jirani, waende Krismasi kwa jirani, waone Diwali taa zinavyowashwa, wajue majina ya sikukuu za wenzao.

HATUA YA 9: RUDISHA

Umepewa kitu, na ile dini haikukudai hela. Basi lipa kwa namna yao. Ulijifunza kwa Wasikh, pika wali na maharage siku moja uwalishe wapita njia bila kuuliza dini ya mtu. Ulijifunza kwa Waislamu, Ramadhani peleka tende na uji wa futari, na ukisikia mtu anawasema vibaya ofisini usikae kimya. Ulijifunza kayani, nunua miche upande, piga kelele msitu unapokatwa. Na yule mtu wa kwanza uliyemuuliza swali, rudi kwake umwambie lile jambo alilokufundisha umelifanya siku ngapi na limekufanya nini, alafu umuulize kama na yeye ana swali lolote kuhusu dini yako, na hapo ujiandae kujibu kwa kusema unachokifanya.